Hawezi Kazi Yoyote

Mwandiko wangu ni mzuri. Nalitaja hilo kwanza kwa sababu ndilo lililoleta balaa. Nilimaliza kidato cha nne zamani, enzi ambazo mwalimu alikuchapa vidole kwa herufi iliyolala, na tangu hapo kila nilikoishi watu wameniletea karatasi zao. Barua za kuomba kazi, za uhamisho wa mtoto, za kudai mirathi. Hapa Mafiga ni kawaida nikifungua mlango asubuhi nimkute mtu kibarazani ameshika fomu, anangoja ninywe chai. Nilipenda. Mtu mzima akikaa kimya mbele yako kusubiri umalize mstari, unajiona una maana duniani.

Kwa hiyo mpwa wangu alipougua, na fomu ya pensheni ya ulemavu ikaletwa nyumbani, hakuna aliyeuliza nani ataijaza.

Mpwa wangu ni mtoto wa marehemu dada yangu. Kwetu sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba ana heshima yake, lakini mtoto akifikwa na jambo zito, la ndoa, la shamba au la ugonjwa, anayeitwa ni mjomba. Baba wa huyu binti alikuwa mtu wa kuja, kibarua wa mashamba ya miwa. Mkataba wake ulipokwisha alirudi kwao na hatukumsikia tena. Dada alipofariki nikabaki mimi. Nilikuwa msemaji wake, na kazi ya usemaji nilijiona naiweza.

Alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo hapa mjini. Siku moja aliacha mashine ikizunguka, akatoka bila viatu, akatembea hadi Mlali kwenye shamba la mama yake. Tulimkuta amekaa juu ya tuta la mahindi anazungumza na mama yake, ambaye alikuwa na miaka minne kaburini. Alikuwa anamjibu kabisa, ananyamaza ili asikie, kisha anajibu tena.

Kosa langu la kwanza lilianzia hapo. Nilimzungusha kwa waganga miezi mitano kabla ya kumpeleka hospitali. Nilikuwa na shule, nilijua kuna daktari wa akili, lakini niliogopa watu watasema mpwa wangu ni kichaa. Nikaona bora waseme ana mizimu. Daktari alipomwona hakunigombeza. Alisema tu: "Mzee, ugonjwa huu hauishi, ila unatulia. Akipata sindano yake kila mwezi, utatulia." Mimi nilisikia hauishi. Lile neno la pili lilinipita kama gari la watu wengine.

Kiwandani walimwachisha kwa barua ya heshima, na ofisa wao akanieleza kwamba kwa kuwa binti alikuwa amekatwa michango miaka yote ile, ana haki ya pensheni ya ulemavu. Nikaenda ofisi ya mfuko wa pensheni. Niliambiwa nikalete barua ya mtaa. Nikaleta. Nikaambiwa haina mhuri wa kata. Nikarudi na mhuri. Karani akaitazama, akanitazama.

"Mzee, wewe ni nani yake?"

"Mjomba."

"Baba yake yuko wapi?"

"Alikwenda kwao."

"Basi mume."

"Hana mume. Mimi ndiye mjomba."

"Mjomba hayumo kwenye fomu, mzee wangu. Kuna baba, mama, mume, mke, mlezi."

"Kwetu mjomba ndiye hao wote."

"Kwenu, sawa. Hapa niandike nini?"

Akaandika mlezi. Ilinichukua safari tatu kupata neno hilo moja, na nadhani hasira ya safari hizo ndiyo niliyoimimina kwenye karatasi nilipofika nyumbani. Kulikuwa na nafasi ya mistari sita: *Eleza hali ya mwombaji.* Nilijiambia hawa watu wasipotikiswa hawatampa mtoto haki yake. Nikaandika hivi, nakumbuka kila nukta:

*Mwombaji hawezi kazi yoyote, hajitambui, na hakuna matumaini ya yeye kurudi katika hali ya binadamu wa kawaida.*

Niliipenda sentensi ile. Nikaisoma kwa sauti. Binti alikuwa ameketi mkekani, ulimi mzito kwa dawa, mikono ikitetemeka mapajani, na sijui kama alisikia. Aliyekuwa akisikiliza hasa ni mtani wangu, Mnyamwezi mstaafu wa reli, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtu ambaye hajawahi kuniita jina langu hata siku moja.

"Mluguru," akasema, "hiyo fomu au tangazo la msiba?"

Nikacheka. Yeye hakucheka sana.

Pensheni ilipita. Siwezi kusema haikutusaidia. Hospitali ilipoishiwa dawa, na iliishiwa mara nyingi, pensheni ndiyo iliyonunua sindano ya mwezi katika duka la nje. Nikajisifu kwamba kalamu yangu ndiyo inayomtibu.

Kisha akaanza kupata nafuu, nami sikuwa nimejiandaa kwa hilo hata kidogo. Asubuhi moja aliniuliza leo ni siku gani. Wiki iliyofuata akauliza nani anapalilia shamba la mama yake. Daktari akapunguza dawa, mikono ikaacha kutetemeka, naye akaomba akakae Mlali, karibu na shamba. Nikamruhusu, nikijua hewa ya kule ni nzuri na nyumba yangu ni ndogo.

Kule Mlali, kando ya barabara, kuna mama mmoja mjane mwenye kitalu cha miche ya matunda. Binti alianza kwa kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya nailoni. Baadaye yule mama akamfundisha kubebesha. Kubebesha ni kukata kichwa cha mche wa parachichi ya kienyeji, kuupasua shina kidogo, kuchomeka kikonyo, yaani kijiti kilichokatwa kutoka kwenye mti wa parachichi ya kisasa, kisha kufunga kwa utepe ili viwili viote kama kimoja. Inataka mkono usiotetemeka, na kisu kikali kama wembe. Mjane alijua historia ya binti. Kila mtu Mlali aliijua, maana walimwona siku ile juu ya tuta. Na bado alimpa kisu.

Siku binti aliponiletea mche wake wa kwanza alikuwa ameukumbatia kama mtoto.

"Shikamoo mjomba. Huu nimebebesha mimi mwenyewe."

Kile kikonyo kilikuwa kimetoa majani mawili mekundu. Ilinipasa kusema hongera. Lililonitoka ni hili:

"Nani amekuona?"

"Kila mtu, mjomba. Kitalu kiko barabarani."

"Unalipwa?"

"Kidogo. Kwa hesabu ya miche inayoshika."

"Acha."

Akaniangalia. Hakuwa mkali, mpwa wangu hajawahi kuwa mkali. Akasema, "Kwa nini tusiende ofisini tukawaambie? Tuwaulize kama mtu akifanya kazi kidogo wanafanyaje."

"Utawaambia nini wewe? Karatasi inasema hujitambui."

"Karatasi uliandika wewe, mjomba."

Nikamwambia asinivunjie heshima. Baadaye nafsi ilinisuta, nikaenda ofisini peke yangu, nikajifanya naulizia rafiki. Dirisha la kwanza wakaniambia maswali yako dirisha la tatu. Dirisha la tatu kulikuwa na kiti na koti juu ya kiti. Nikakaa mpaka saa saba. Mlinzi akaniambia mwenye koti yuko semina. Nilipaswa kurudi kesho yake, na keshokutwa. Sikurudi. Nimeilaani ofisi ile miaka hii yote kwa ajili ya koti lile, lakini ukweli ni kwamba nilifurahi kulikuta. Kama mwenye koti angekuwepo, angeniuliza ile sentensi ya mistari sita niliitoa wapi.

Nikarudi na uamuzi wa kijinga: afanye kazi, lakini kwa kificho. Gari geni likisimama kitaluni, aingie ndani. Mtu akiuliza, aseme amekuja kumtembelea yule mama. Jaribu wewe kumwambia mtu aliyetoka katika ugonjwa wa kuona visivyoonekana kwamba sasa ajifiche watu wasimwone. Alikubali kwa sababu mimi ni mjomba.

Ukaja uhakiki. Ujumbe ulisema maofisa watapita nyumbani Mafiga Jumanne, mnufaika awepo. Nikamwita ateremke. Mama wa kitalu alimsindikiza, kwa wema wake, akakaa upande wa nje karibu na ua.

Nilimwandaa mpwa wangu kama mtu anavyoandaa uongo. Nikamwambia afumue nywele. Nikamwambia avae khanga iliyochanika. Kucha zake zilikuwa na udongo wa kitaluni, nikataka anawe, halafu nikasema acha hivyo hivyo, inafaa.

"Wakikusalimia, usijibu."

"Nisijibu hata salamu?"

"Hata salamu."

Msomaji wangu anajua nilichokuwa namwomba. Kwetu mtu anaweza kukosa viatu, anaweza kukosa chakula, ila salamu anayo. Asiyejibu salamu ni mgonjwa au ana kiburi, na hivi vyote viwili watu humhesabia kama kufa kidogo. Binti aliinamisha kichwa, akaenda kukaa mkekani pale pale alipokuwa akikaa siku za ugonjwa.

Walikuja wawili, kijana wa kiume na dada mmoja mwenye faili. "Shikamoo mzee." Nikaitikia. Dada yule akachuchumaa mbele ya mkeka, akasema kwa upole, "Dada, habari za leo?" Mpwa wangu alitazama sakafu. Niliona koo lake likimeza lile jibu.

Majirani walikuwa wamekusanyika uani, kama ilivyo desturi gari la ofisi likisimama mtaani. Yule kijana akafungua daftari lake na kusema, "Mzee, tumepata habari kwamba dada anaonekana Kilakala, anapanda miti kwenye uwanja wa mtu."

Ilikuwa kweli. Yeye na mjane walikuwa wamepeleka miche huko wiki iliyopita.

"Dada," akasema yule mwenye faili, "kwa sasa unaweza kufanya kazi yoyote?"

Mpwa wangu akainua uso na kufungua mdomo. Mpaka leo sijui alitaka kusema nini, kwa sababu nilimwahi.

"Huyu? Apande miti, huyu? Huyu ukimpa maji ya kunawa anakunywa! Jembe halijui. Juzi hapa alishika kisu akamkimbiza mtoto wa watu, tukamshika watu watatu. Nyinyi mnazungumzia miti!"

Hakukuwa na kisu. Hakukuwa na mtoto. Sijui vilitoka wapi. Nilikuwa nimesimama, nimenyanyua mkono, naongea kwa sauti ya mtu anayetetea ukoo. Dada yule akaandika. Kijana akaguna, akasema pole mzee. Wakaondoka. Pensheni ikaendelea.

Nilipogeuka, mama wa kitalu alikuwa amesimama karibu na ua, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mzee," akasema, "kama la kisu ni kweli, umenificha mimi niliyempa kisu. Kama ni uongo, umewadanganya wao. Mimi nishike lipi?"

"Mama, ilikuwa maneno tu."

"Maneno tu," akarudia, akaenda zake kutafuta gari la Mlali. Hakumchukua binti.

Hadithi ya kisu ilifika Mlali kabla ya jua kuzama. Watu waliokuwa wakipita kitaluni kusalimia wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Wanawake wakaambiana watoto wasitumwe pale. Mjane alikuja Ijumaa kunieleza ana kwa ana. Alisema haogopi yeye, wateja ndio wanaoogopa. Alisema hayo akitazama pembeni, nami nikajua anaogopa pia. Sikumlaumu. Ningemlaumu kwa lipi? Shahidi wa kisu nilikuwa mimi, mzee mwenye mvi, mwenye mwandiko mzuri.

Mpwa wangu alibaki chumbani Mafiga. Hakulia wala hakunigombeza. Ila aliacha kuuliza leo ni siku gani. Nikimpelekea chai, naikuta imetanda utando. Nilikuwa nimeiambia serikali kwamba hajiwezi, na sasa alikuwa akinitii.

Siku ya nne baada ya uhakiki, Jumamosi asubuhi, nilisikia kilio nje. Kilio hasa, cha msibani. Nikatoka mbio. Mtani wangu alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, mbele ya kibaraza changu, ameweka mikono kichwani.

"Uwiii! Waluguru mmekwisha! Uwiii, ukoo umebaki majivu!"

Majirani wakatoka. Mama mmoja akaja akijifunga khanga kiunoni, akiuliza, "Jamani, nani amefariki?"

"Ni binti wa nyumba hii," akasema mtani, bila kutoa mikono kichwani. "Alikuwa anabebesha miche Mlali. Mjomba wake amemzika Jumanne mchana kweupe, mbele ya maofisa, bila sanda. Hata watani hatukuitwa!"

Watu wakacheka, maana ni utani. Kisha kicheko kikapungua, kikaisha, wakabaki wananitazama.

"Nyanyuka bwana," nikasema. "Unaniaibisha."

"Aibu? Wewe unayo? Iko wapi tuione? Mluguru anajua kulima ngazi mlimani udongo usiporomoke, lakini mdomo wake hauna ngazi ya kuuzuia! Uwiii!"

Mtani hakasirikiwi. Hiyo ni sheria ya zamani kuliko ofisi zote. Msibani anaweza kulala kaburini, anaweza kukwambia lolote mbele ya yeyote, na njia ya kumnyanyua ni moja tu, kumpa anachotaka. Nikaingia ndani, nikamkamata kuku, nikamletea.

"Sitaki kuku."

Nikatia mkono mfukoni.

"Sitaki hela ya Mluguru, ina harufu ya uhakiki. Lete kalamu."

"Ya nini?"

"Ile uliyomzikia. Lete na karatasi. Sinyanyuki hapa."

Nikaandika kibarazani, watu wakitazama, yeye bado vumbini. Nilianza kama ninavyoanza siku zote, kwa heshima na taadhima. Akanikatiza. "Acha mapambo. Andika: nilisema uongo." Nikaandika nilisema uongo. Nikaandika kwamba hakuna kisu wala mtoto. Kwamba mpwa wangu amekuwa akifanya kazi kitaluni, kidogo, siku anazoweza. Nilipofika mahali pa kuandika kwamba sasa amepona kabisa, mtani akanyoosha kidole.

"Amepona kabisa?"

Nikainua kalamu. "Anachomwa sindano."

"Basi usimfufue zaidi ya alivyo. Juzi ulimuua kwa sifa, leo usimponye kwa sifa."

Mlango wa ndani ukalia. Mpwa wangu alikuwa amesimama, amefunga kitambaa kichwani. Sijui alikuwa hapo muda gani.

"Shikamoo babu," akamwambia mtani.

"Marahaba, marehemu. Umeamka?"

Akacheka. Kidogo tu, puani. Kisha akachukua barua mkononi mwangu bila kuomba, akaisoma yote, akanirudishia. "Fanya nakala, mjomba," akasema. "Moja ya mama wa kitalu."

Mjane alisoma nakala yake mbele yetu, mara mbili. Alimrudisha binti, kwa masharti waliyopanga wao wawili; mimi sikuulizwa. Kisu kinakaa kwa mama. Asubuhi binti akijisikia vizuri anakiomba. Siku akiamka na kelele kichwani anasema, "Leo viriba," basi anajaza udongo, na hakuna anayeuliza zaidi. Nimefikiri sana juu ya mpango huo. Mwanamke ambaye hajawahi kuona mistari yangu sita alipata jibu la kile ambacho mimi na ofisi nzima tulishindwa kukiuliza.

Ofisini mambo hayakwenda hivyo. Safari hii nilimkuta mwenye dirisha. Alisoma barua, akavuta faili, akaweka karatasi tatu pamoja mezani.

"Mzee, mngetuarifu alipoanza kazi, tungempeleka kwa madaktari wamwangalie upya. Pengine angeendelea kupata, yote au sehemu, wao ndio wangesema. Kufanya kazi kidogo siyo kosa."

"Hakuna aliyeniambia."

"Uliuliza?"

Nikataja koti. Nikasikia mwenyewe lilivyokuwa jambo dogo, koti.

"Sasa angalia," akasema. "Hapa hajitambui. Hapa anakimbiza watoto kwa kisu. Hapa anabebesha miche. Mtu mmoja, msemaji mmoja. Mimi niamini lipi? Nasimamisha malipo mpaka madaktari wakae."

"Wanakaa lini?"

"Tutawapigia."

Hawakupiga. Mwezi wa kwanza hospitali walikuwa na sindano. Wa pili hawakuwa nayo, na mimi nilizunguka maduka ya dawa mji mzima, naambiwa kesho, naambiwa jaribu kule juu, mpaka zikapita siku kumi na mbili. Binti aliniambia sauti zimeanza, mbali, kama redio ya jirani. Alijaza viriba siku hizo zote. Nilimkuta jioni moja amekaa kati ya vifuko vyeusi vilivyopangwa safu kwa safu, anahesabu kwa sauti kuizidi ile redio. Hilo ndilo nililomfanyia. Siyo ugonjwa, ugonjwa ulikuja wenyewe. Zile siku kumi na mbili ni zangu.

Tulipoitwa hatimaye mbele ya madaktari, ilitolewa fomu mpya, yenye mistari sita ile ile. Kwa mazoea nikatoa kalamu mfukoni. Mpwa wangu akaichukua.

"Mjomba, kaa nje."

Nikakaa kwenye benchi chini ya dirisha. Ilimchukua muda mrefu. Nilijua mkono unatetemeka tena, maana dawa iliporudi ilirudi kwa nguvu, na nilikuwa nikiona herufi zake akilini, zimelala zote, na vidole vyangu vikiwasha. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke ndani.

"Hapa hujajaza. Jina la mlezi."

"Sina mlezi."

"Na yule mzee uliyekuja naye?"

"Yule ni mjomba."

Alipotoka alinionyesha nakala bila kunipa mkononi. Kwenye mistari sita alitumia miwili: *Naweza kazi nikipata sindano. Nikiikosa siwezi.* Nilitafuta cha kusahihisha, Mungu anisamehe, kwa tabia tu. Hakikuwepo.

Tuliambiwa majibu yatatoka baada ya wiki mbili. Wiki mbili hizo zimeshapita mara tatu. Kila nikienda, faili liko kwa mkubwa, mkubwa yuko safari, mtandao hakuna. Sipigi kelele. Nakaa. Mtani ananiambia nimekuwa fundi wa benchi, nikifa wanizike nalo.

Juma lililopita ilikuwa tuende pamoja, lakini vikonyo vilikuwa vimekatwa jana yake, na kikonyo kikikaa kinakauka, hakishiki. Alinitumia ujumbe asubuhi kwamba haji. Nikaenda peke yangu. Karibu saa sita dirisha likafunguka, na jina lake likaitwa, kwa sauti, ukumbi mzima.

Nikasimama.

"Mwenyewe yuko wapi?"

Watu kama ishirini walikuwa pale, na faili lilikuwa wazi mbele ya karani, na kalamu mkononi mwake. Nilijua anaweza kuiandika kauli yangu popote anapotaka, na sikujua itatufikisha wapi.

"Yuko kazini," nikasema.

Karani akainua macho. Akaniangalia, akaangalia faili, akalifunga.

"Basi mwambie aje mwenyewe," akasema, "siku akipata nafasi."